Oili na Kulanti Zimekutana? Vidokezo 12 vya Kumnasa Mhusika Kwenye Subaru Yako ya Turbo

Umefungua boneti asubuhi uongeze maji kidogo, mara unakuta ndani ya tangi rangi ya chai ya maziwa. Pole sana! Lakini usikimbilie kuitangaza Impreza yako kwenye magrupu ya magari kwa bei ya kutupa. Oili na kulanti zikikutana ni habari mbaya, ila si kila mara ni msiba. Wakati mwingine mhusika ni kifaa kidogo kinachofunguliwa kwa mchana mmoja, na ile gasketi ya hedi inayolaumiwa na kila apitaye gereji imekaa mahali pake, haina kosa lolote.

Kwa hiyo leo shughuli yetu ni moja: kabla hujalipia injini kushushwa, dai ushahidi. Tumeichagua Impreza ya turbo yenye injini ya EJ20, ile ya cc 1994, kwa sababu ndilo gari la michezo ambalo gereji zetu zinalijua kwa jina na kwa mlio. Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997, Richard Burns akafuata mwaka 2000, na tangu hapo vijana wa Nairobi hawajalala. Majirani zao pia. Haya, kunja mikono ya shati.

1. Ufunguo mfukoni, tafadhali

Kishawishi cha kwanza ni kuwasha "nisikie tu inavyolia". Usiwashe! Beringi za kranki zinategemea utando mwembamba sana wa oili. Kulanti ikiingia humo, utando unakatika, chuma kinakutana na chuma, na injini inaanza kunoki. Safari moja ya kwenda gereji ya "hapo karibu tu" inatosha kugeuza kosa la bei nafuu kuwa injini nzima.

Ita gari la kubebea magari mabovu, tena lile la kitanda. Impreza inasukumwa na magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo ikiinuliwa mbele huku ya nyuma yakibiringika kwenye lami, unaweza kufika kwa fundi na ugonjwa wa pili, wa giaboksi. Dereva akikwambia, "Naiinua mbele tu, bosi, si mbali," mshukuru kwa adabu, mpigie mwingine.

2. Krimu ya kwenye kifuniko si hukumu

Umefungua kifuniko cha kujazia oili, ukakuta krimu ya manjano imeganda chini yake. Moyo paa! Tulia. Kwenye injini hizi, bomba la kujazia oili limesimama juu, mbali kidogo na joto, na unyevu wa hewa hupenda kugeuka matone hapo. Kama unaishi Limuru au Njombe, asubuhi ni baridi, na safari yako ni ya kupeleka watoto shule na kurudi, krimu hiyo ni ya kawaida kabisa. Injini haipati muda wa kupata moto na kufukuza maji.

Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kichovye tena, kiangalie kwenye mwanga wa jua. Kijiti kikiwa safi, na kulanti haipungui wala haina mafuta juu, futa kifuniko, piga safari ndefu, kisha angalia tena. Krimu ikiwa haijarudi, ulikuwa unyevu tu. Kijiti nacho kikiwa na weupe? Rudi kidokezo cha kwanza.

3. Uliza swali la maana: nini kimeingia wapi?

Hapa ndipo wengi wanapotea, na fundi mwenye haraka anapotea nao. "Zimechanganyika" si jibu. Kuna oili ndani ya kulanti, kuna kulanti ndani ya oili, na kuna zote mbili. Kila moja ina washukiwa wake.

Ufunguo wa fumbo ni presha. Injini ikizunguka, pampu inasukuma oili kwa nguvu. Kwenye mwendo wa juu inafika bar 3 na kuzidi. Mfumo wa kulanti wenyewe unashikiliwa na kifuniko kwenye bar 1 hivi, na vifuniko vingi vya Kijapani vimeandikwa 0.9 au 1.1. Sasa fikiria ukuta mwembamba uliotoboka kati ya njia hizo mbili. Nani atamsukuma mwenzake? Oili, bila shaka. Ndiyo maana ukuta kama huo ukipasuka, dalili ya kwanza ni mafuta kuelea kwenye tangi la kulanti, huku kijiti cha oili kikiwa bado safi kama hakuna kilichotokea.

Ukizima injini, mambo yanageuka. Pampu imelala, oili haina nguvu tena, lakini kulanti bado ni ya moto na bado ina presha. Sasa ni zamu yake kusukuma. Gari likiendelea kutumika hivyo siku baada ya siku, unaishia kuwa na uchafu pande zote mbili, na hapo kumtambua mhusika ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo dalili ya mapema ni zawadi. Iandike! Piga picha ya kijiti, piga picha ya tangi, weka tarehe.

Je, kama kulanti ndiyo iliyoingia kwenye oili, na tangi la kulanti ni safi? Fikiria njia za maji zisizopakana na oili yenye presha: hedi iliyopata ufa, au gasketi iliyoachia pale ambapo maji yanapakana na njia ya oili kurudi chini kwenye sampu. Kuna dalili moja tamu sana kwa mpelelezi: kiwango cha oili kwenye kijiti kinapanda na hakuna mtu aliyeongeza. Oili haizaliani.

4. Chupa mbili na usiku mmoja

Tafuta chupa mbili za maji, zile za plastiki zinazoonyesha ndani. Injini ikiwa baridi kabisa, chota kulanti kidogo kutoka kwenye tangi uweke kwenye chupa ya kwanza. Ya pili tutaijaza oili kesho. Andika juu ya kila moja, funga, weka mahali pa juu. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu yenye utamu, na mtoto au mbwa hawezi kuijua kwa kuonja.

Asubuhi tazama chupa. Mafuta yatakuwa yameelea juu, tabaka limejitenga. Kama yamepigwa sana na pampu ya maji yatachelewa kujitenga. Yape siku nyingine.

Na hapa kuna ujanja wa mafundi wakongwe ambao hauna gharama. Gari likiwa limelala usiku mzima mahali pa tambarare, weka karai chini ya sampu na ulegeze nati ya kumwagia oili taratibu, bila kuitoa. Kulanti ni nzito kuliko oili, kwa hiyo kama ipo imezama chini kabisa na ndiyo itakayotoka mwanzo. Matone ya kwanza yakiwa ya kijani, mekundu au ya bluu, ya maji maji, kesi imepata shahidi. Yakiwa oili tupu, kinga kidogo kwenye chupa ya pili, kaza nati, endelea na upelelezi.

5. Si kila tope ni oili

Kulanti iliyozeeka ikachanganyika na kutu hugeuka tope la kahawia. Ile dawa ya kuziba rejeta inayomwagwa kienyeji nayo huacha uji wa kutisha. Kama gari ulilinunua kwa mtu, huwezi jua alimwaga nini humo kabla ya kulipiga picha za kuuzia.

Dondosha tone moja kwenye karatasi ya daftari, anika juani. Maji yakikauka, karatasi inabaki na alama ya uchafu tu. Ikiwa kuna mafuta, utaona duara linalopitisha mwanga, nalo halitaondoka hata ukianika mpaka Ijumaa.

Kwa upande wa oili, tumia kijiko. Toka nje, mbali na petroli, vaa miwani, pasha moto kijiko kikuukuu kisha dondoshea tone moja la oili unayoishuku. Oili safi itatoa moshi kimyakimya. Yenye maji italia na kuruka ruka. Majibu ndani ya sekunde chache, na kijiko hicho kisirudi jikoni, mama asije akakifahamu.

6. Imekuwa ya waridi? Muulize giaboksi

Kama gari lako ni la gia za otomatiki, usisahau mshukiwa huyu wa tatu. Kwenye magari mengi ya Kijapani, mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozungukwa na kulanti. Bomba likitoboka, kulanti inakuwa na rangi ya waridi iliyopauka kwa sababu mafuta yale ni mekundu. Injini haihusiki hata kidogo!

Chomoa kijiti cha giaboksi uangalie. Kikiwa na weupe wa waridi, usiendeshe hata kidogo. Maji huharibu bamba za klachi zilizomo ndani ya giaboksi ya otomatiki, na yanafanya hivyo haraka. Wenye gia za mkono, ninyi rukeni kidokezo hiki mkitabasamu.

7. Kutana na kipoza oili, mshukiwa wa bei nafuu

Inama uangalie inapofungwa filta ya oili. Kwenye Impreza za turbo utaona, kati ya filta na injini, kifaa cha chuma chenye umbo la duara na paipu mbili za mpira zinazoingia ubavuni. Hicho ndicho kipoza oili. Oili inapita upande mmoja, kulanti upande wa pili, na katikati kuna kuta nyembamba za chuma. Umekumbuka ule ukuta wa kidokezo cha tatu? Ndio huu.

Ikiwa kulanti yako ina oili, kijiti ni safi, injini haichemshi na nguvu haijapungua, anza hapa kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kinafunguka bila kushusha injini. Mwaga kulanti, toa filta, fungua boliti ndefu ya katikati, chomoa zile paipu, umekishika mkononi.

Kupima ni rahisi na kunafurahisha. Ziba tundu moja la maji, funga paipu ya hewa kwenye la pili, zamisha kifaa chote kwenye ndoo ya maji, kisha pulizia hewa kwa presha ndogo, bar 1 inatosha. Mapovu yakitoka kwenye njia ya oili, umemnasa! Yasipotoka, rudia kwa maji ya moto, kwa maana nyufa nyingine hufunguka chuma kikipata joto. Fundi anayepuuza maji ya moto atakurudishia kifaa kibovu akikiita kizima, na kesho yake mtaanza kubomoa hedi bure.

Ukienda Kirinyaga Road au Kariakoo kutafuta kilichotumika Japani, pima hicho nacho kwenye ndoo kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikasirika, jibu umeshalipata. Nunua pia mpira mpya wa duara wa kuzibia, maana wa zamani umeshakakamaa.

Na kwa mwenye Porsche Boxster ya 986 au 911 ya 996 aliyekuwa akitusoma huku akicheka, injini yako nayo ina kipoza oili cha maji, kimekaa juu ya injini, na ushauri ni ule ule: kipime kwanza.

8. Presha usiku kucha

Kipoza oili kimetoka safi? Sasa tunapanda ngazi. Azima au kodisha pampu ya mkono ya kupimia rejeta. Injini ikiwa baridi, jaza kulanti, funga pampu mahali pa kifuniko cha tangi dogo lililo juu ya injini, pampu mpaka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe. Kisha nenda kalale.

Asubuhi mshale umeshuka? Tafuta maji yameenda wapi. Chini ya gari pakavu, mazulia ya ndani makavu, basi yameingia ndani ya injini. Legeza tena ile nati ya sampu uone kinachotoka kwanza. Halafu toa plagi. Kwenye injini hii ya boksa plagi ziko ubavuni, na kuzifikia ni kazi ya kukwaruza vidole, lakini vumilia. Plagi iliyolowa, au silinda inayotema maji ukizungusha injini kwa spana, inakuonyesha upande gani wa kuanza.

Tahadhari moja tu, nayo haina mzaha: usifungue kifuniko hicho injini ikiwa ya moto. Kulanti yenye presha inaruka na kuunguza uso.

9. Dawa ya bluu inayogeuka manjano

Kuna kifaa kidogo cha mrija chenye maji ya bluu, mafundi wengi wa kisasa wanacho. Unakiweka mdomoni mwa tangi, unavuta hewa iliyo juu ya kulanti ipite kwenye dawa. Kukiwa na gesi ya moshi wa injini, bluu inageuka manjano. Raha kutazama, ikiwa gari si lako.

Sasa sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa ndipo Subaru zinapotofautiana na maneno ya mitaani. Historia ya gasketi za injini za EJ ni ndefu, ila si zote zinakufa kwa namna moja. EJ25 za kamu mbili kila upande, za miaka ya tisini, zilijulikana kwa kupitisha gesi ya mlipuko kuingia kwenye kulanti: gari linachemsha, tangi linatoa mapovu, lakini oili inabaki safi. EJ25 za kamu moja zilizofuata zilijulikana zaidi kwa kuvujisha oili na kulanti nje, pale chini ya hedi. Unaona? Aina zote mbili maarufu hazianzi kwa chai ya maziwa. Ndiyo maana mtu akitazama mchanganyiko wako na kusema papo hapo, "Subaru hizi ni gasketi tu," ana haki ya kushuku, lakini hajathibitisha kitu.

Dawa ikigeuka manjano, gasketi au hedi ina kesi ya kujibu. Isipogeuka, pima tena baada ya injini kupata joto kamili, kama hali ya oili inaruhusu kuiwasha. Na usiruhusu kulanti yenyewe ifyonzwe kwenye mrija. Itaharibu dawa na utasomewa uongo.

10. Kompresheni nzuri haimtoi mtu kifungoni

Fundi amepima kompresheni, silinda zote nne ziko sawa, akatangaza kwamba hedi ni nzima. Mwambie asante, bado. Kipimo kile kinaangalia kama silinda inashika hewa. Ufa kati ya njia ya maji na njia ya oili haupiti ndani ya silinda hata kidogo, kwa hiyo silinda inaweza kuwa na afya tele na mchanganyiko ukaendelea.

Kinachosaidia zaidi ni kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda moja moja, vali zikiwa zimefunga, na kusikiliza inakimbilia wapi. Mapovu kwenye tangi: gasketi au hedi. Mlio kwenye bomba la kijiti: ringi za pistoni. Kwenye ekzosi: vali ya kutolea moshi. Silinda namba 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili, kwa hiyo majirani wawili wakivuja pamoja, umeshajua gasketi ipi imeachia.

Usiisahau turbo yenyewe. Ndani yake mna oili na mna kulanti pia. Ni nadra kwa kiini chake kupasuka, ndiyo sababu tumeiweka huku mwishoni, lakini kama kila kitu kingine kimetoka safi, ipimwe kwa hewa kama tulivyofanya kwa kipoza.

11. Hedi ikitoka, itoke na mwenzake

Ushahidi umeelekeza kwenye hedi? Sawa, sasa kubali injini ishuke, na uifanye kazi mara moja. Kubadilisha gasketi ya upande mmoja wa boksa ili "kuokoa" ni kujiwekea miadi ya kushusha injini tena.

Hedi zote mbili ziwekewe rula ya chuma iliyonyooka na zipimwe. Mkunjo unaoruhusiwa ni mdogo mno, takriban 0.05 ya milimita au chini ya hapo kulingana na mwaka wa injini, kwa hiyo jicho halitoshi. Uso wa bloku nao upimwe, watu wengi husahau. Kabla ya kuskimu, omba hedi ijaribiwe kwa presha kwenye maji ya moto ili nyufa zijitokeze. Kuskimu hedi yenye ufa ni kupendezesha kitu kibovu. Gasketi mpya iwe ya tabaka za chuma, na boliti zikazwe kwa mpangilio na hatua za kitabu cha injini hiyo, kwa spana yenye kipimo. "Nimeshazoea mkono wangu, bosi," si kipimo.

Omba uone gasketi ya zamani. Iweke mezani, tafuta mahali moshi ulipochora mstari mweusi kuvuka ukingo, au mahali oili na maji vilipokutana. Gasketi safi isiyo na alama yoyote inakwambia kwamba mhusika bado yuko huru.

12. Nusu usafi ni ugonjwa mpya

Umemtoa mhusika, hongera! Lakini mabaki ya ile chai bado yamejaa kila kona. Upande wa oili: weka oili ya bei nafuu na filta mpya, acha injini iende taratibu dakika chache, mwaga, rudia mpaka inayotoka haina weupe. Ndipo uweke oili nzuri. Usithubutu kuosha kwa petroli wala dizeli, hata kama fundi ana hadithi ya binamu yake.

Upande wa kulanti una ukaidi zaidi. Tumia dawa ya kusafishia rejeta inayokata mafuta. Sabuni ya vyombo ya kawaida inatoa povu jingi na povu hilo hukaa mle wiki nzima. Toa themostati kwanza, washa hita kwenye joto la mwisho ili maji yapite na huko, suuza mpaka yatoke safi. Paipu za mpira zilizolainika na kuvimba kwa mafuta zitupe zote, kwa maana zitapasuka siku ambayo umevaa suti.

Mwishowe jaza kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, si ya kisima. Wanaosema kulanti ni ya nchi za theluji hawajafikiria mwinuko: Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ilhali Mombasa na Dar es Salaam ni 100. Injini yako inahitaji msaada huo. Jaza polepole kupitia tangi la juu, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, hita ikiwa wazi, mpaka mapovu yaishe. Injini hizi zilizolala hupenda kuficha hewa, na hewa hiyo italichemsha gari ukaanza kumlaumu fundi asiye na hatia.

Wiki ya kwanza, angalia kijiti na tangi kila asubuhi injini ikiwa baridi. Filamu nyembamba ya mafuta juu ya kulanti siku za mwanzo ni mabaki, ifute kwa karatasi ya jikoni. Ikiongezeka badala ya kupungua, simamisha gari na umrudie fundi ukiwa na picha zako. Ikipungua na kijiti kikabaki kwenye alama ile ile, badilisha oili mara moja mapema kuliko kawaida, kisha ruhusu turbo ifanye kazi yake.